Hospitali Isiyo na Taka

Kaeni vizuri niwape habari za nchi moja inayoitwa Neemani. Msiniletee ramani, haimo. Mimi mwenyewe sijafika huko, na aliyenisimulia naye sijui alifikaje, ila aliniapia kwa jina la mama yake kwamba hakutia chumvi. Basi nasimulia hivyo hivyo nilivyopewa, na anayeiona pua ya jirani yake humu ndani, shauri yake.

Neemani ni nchi iliyokamilika. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tatu, ina mawaziri arobaini na mmoja, na ina hospitali kuu moja, katika mji wa Kisutuni. Nyuma ya hospitali hiyo palikuwa na shimo la taka. Humo mlikuwa na sindano, chupa za dripu, glavu zilizotumika na pamba zilizotumika, kuku wakichakura juu yake bila wasiwasi. Siku moja picha ya mtoto wa jirani akiwa na bomba la sindano mdomoni ikatoka kwenye gazeti la ng'ambo. Magazeti ya ndani yalikuwa yameiandika habari hiyo mara sita na hakuna aliyeshtuka. La ng'ambo lilipoiandika mara moja, Baraza la Mawaziri lilikaa siku nne bila kwenda nyumbani.

Walipotoka walikuwa na kitu kinaitwa Ununuzi Endelevu. Maana yake, walivyoelezwa watu, ni kwamba hospitali inaponunua kitu isitazame bei tu. Itazame kimetengenezwaje, kitadumu muda gani, na kikishatumika kitakwenda wapi. Jambo la maana kabisa, na hapa nasema bila mzaha.

Waziri wa Afya na Mambo Yanayokaribiana na Afya, Mheshimiwa Kapalata, alikuja Kisutuni kulizindua. Alikuja na msafara wa magari ishirini na mawili kuwahimiza watu wapunguze moshi.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kila tusichokinunua leo, tumemwekea akiba mtoto ambaye hajazaliwa! Na mtoto huyo ananisikia! Yuko tumboni mwa mama yake anapiga makofi!"

Wajawazito waliokuwa wameletwa kwa lori wakaagizwa washike matumbo yao na kutabasamu. Wakashika, wakatabasamu, na picha zikapigwa nyingi sana.

*

Sasa, katika hospitali ile alikuwepo Ofisa Ununuzi Mkuu, Bwana Kibwana Mwinshehe. Huyu ndiye mtu wangu, na nawaomba msimchukie mapema, maana nafasi ya kumchukia mtaipata. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye kuipenda kazi yake kupita kiasi. Watu wengine hupenda mpira, yeye alipenda zabuni. Akiletewa godoro la sampuli alilikalia, akalilalia, akalifumua kuona limejazwa nini, na kama ni takataka alimrudishia mwenyewe pale pale.

Mwaka wa kwanza alifanya mambo. Vyombo vya plastiki vya kutupwa akavibadilisha kwa vya chuma vya kuchemshwa. Magauni ya karatasi ya chumba cha upasuaji akayaacha, akawapa kazi mafundi cherehani wa mjini washone ya kitambaa. Sabuni akaacha kuagiza, akanunua kwa kikundi cha akina mama wa Kisutuni, na ilikuwa na povu kuliko ya mwanzo. Shimo likaanza kupungua. Hata Sista Edeltruda, mkuu wa wodi ya wazazi, mama wa miraba minne ambaye tangu aajiriwe hajamsifu mtu wa ofisini, alimsimamisha kwenye korido.

"Bwana Kibwana, leo umenifurahisha," alisema. "Usizoee."

Angeachwa hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini wizara haiwezi kuliona jambo zuri ikalitazama hivi hivi, ni lazima ilipime. Ikaleta mizani. Kila asubuhi taka za hospitali zipimwe uzito na zitumwe wizarani. Na kila ombi la kununua kitu lijaziwe Fomu Namba Tisa, kitu kipewe alama, na alama zijumlishwe. Hospitali itakayofikisha alama tisini na tano kwa mia itapewa Ngao ya Kizazi Kijacho. Chini kabisa ya fomu kulikuwa na kisanduku, ukubwa wa punje ya mahindi, kimeandikwa "Dharura". Ukikitia alama ya vema, kitu kinanunuliwa hapo hapo bila maswali, ila hospitali inakatwa alama kumi.

Mwezi haukuisha, Kibwana akagundua kitu gani hupata alama nyingi kuliko vyote. Ni kile ambacho hakikununuliwa. Hakina kifungashio, hakikubebwa na gari, hakitupwi popote. Alilisema hilo kikaoni kwa utani. Mganga Mfawidhi, Dokta Mkwizu, hakucheka. Aliliandika kwenye daftari lake, na wiki iliyofuata lilikuwa ukutani kwa maandishi makubwa, limetiwa saini na yeye.

Basi wagonjwa wakaambiwa waje na vyao. Glavu waje nazo, pamba waje nayo, wembe, uzi wa kushonea, beseni, sindano, na mpira wa kutandika. Najua mtasema hayo mmeyaona kwingine, lakini mimi nazungumzia Neemani. Na kwa kuwa vitu ni vya mgonjwa, taka zake nazo ni zake. Ukaanzishwa mpango wa Mgonjwa na Taka Yake: ukiruhusiwa kutoka unakabidhiwa mfuko wako wa uchafu, unasaini, unakwenda nao kwenu. Watu wakauchukua, wakazunguka nyuma, wakautupa kwenye shimo lile lile. Lakini hapo shimo halikuwa tena la hospitali. Ukuta ulikuwa umesogezwa hatua tano, likabaki nje, likawa la Manispaa.

Aliyekuwa akipima na kuwasainisha watu ni kijana mmoja mtaratibu, Ubwa Kheri, Karani wa Mizani. Ubwa hakuwa na hila. Kila asubuhi aligonga mlango wa Kibwana akiwa na karatasi yake.

"Bosi, leo kilo moja na robo."

"Jana?"

"Moja na nusu."

"Safi sana, Ubwa. Na mama watoto?"

"Yupo, bosi, tumbo ndilo hilo. Somoe anakusalimu sana." Na mara nyingine salamu hizo ziliambatana na vitumbua.

Kibwana alivila. Alijua kwamba mambo yamekwenda upande, alikuwa na macho. Lakini hospitali ilikuwa na alama tisini na saba, jina lake lilikuwa likitajwa wizarani, na mtu akitajwa vizuri mahali asipokuwepo, ni nani atakayesimama na kusema jamani mnakosea? Alijiambia kwamba Ngao ikishapatikana, atarekebisha.

*

Wiki tatu kabla ya wakaguzi wa Ngao kufika, Sista Edeltruda alikuja ofisini na ombi la mifuko ya kutilia damu. Hii mgonjwa haji nayo, maana haiuzwi dukani. Bila mifuko hiyo damu ya mtu haitolewi ikamfikia mtu mwingine, hata kama wamekaa kitanda kimoja.

Kibwana akaijaza Fomu Namba Tisa kwa haki kabisa. Imetengenezwa kwa nini? Plastiki: sifuri. Imetoka wapi? Ng'ambo: sifuri. Ikishatumika inakwenda wapi? Kwenye tanuri la kuchomea: sifuri. Kifungashio kina picha ya mmea? Kinayo: alama nne. Jumla, nne kwa mia. Ombi halipiti, isipokuwa kwa kile kisanduku.

"Imebaki mingapi, Sista?"

"Sita."

"Huwa mnatumia miwili kwa wiki. Wiki tatu ni sita. Inatosha."

"Inatosha ukiwa umekaa hapo," alisema Sista, akaondoka.

Siku iliyofuata lori lililobeba watu kwenda kushangilia uzinduzi wa kampeni ya usalama barabarani lilipinduka. Mifuko sita ikaisha kabla ya adhuhuri. Hata hivyo wiki nzima ikapita salama, ikazidi siku kadhaa, na Sista kila alipokutana na Kibwana alimtazama tu. Kisha akarudi ofisini, safari hii hakukaa.

"Bwana Kibwana, wiki ya pili sasa sina mfuko hata mmoja."

"Zimebaki siku nane tu, Sista. Siku nane, wakaguzi wakiondoka nakuletea mia."

"Niwaambie wanaojifungua wabane kwa siku nane?"

"Sista, nielewe."

"Nakuelewa sana. Hicho ndicho kinachoniogopesha."

Alipotoka, Kibwana aliishika kalamu. Nataka mlijue hili vizuri, kwa sababu baadaye watu wengi watakuja kusema hakuna aliyekosea: kalamu aliishika. Akaisogeza mpaka kwenye kisanduku. Akaona tisini na saba ikigeuka themanini na saba, akaona uso wa Dokta Mkwizu, akaona Ngao ikipelekwa hospitali nyingine. Akaifunika kalamu, akaitia fomu kwenye droo, akaenda kunywa chai.

*

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Somoe aliletwa saa nne asubuhi, na beseni lake, na glavu zake, na kila kilichotajwa kwenye orodha, maana mumewe ni mtu wa hospitali na hakutaka aonekane anapendelewa. Saa saba na nusu mtoto alizaliwa, wa kiume, mzima, mwenye sauti. Ubwa alisikia kilio akiwa nje, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu.

Kisha kondo la nyuma likagoma kutoka. Na damu ikaanza, na haikukoma.

Habari ikasambaa hospitali nzima haraka kuliko tangazo. Watu wakaacha kazi, wakaja kujitolea damu: wapishi, mafundi, wafagizi, karani wa mapokezi. Walijipanga kwenye korido, wamekunja mikono ya mashati mpaka juu, na Ubwa akawa mbele kabisa. Kibwana alikuja mbio, akapita watu wote, akaunyoosha mkono wake mwembamba mbele ya Sista Edeltruda.

"Sista, anza na mimi. Mimi ni kundi O, yangu inamfaa mtu yeyote."

Sista aliutazama mkono ule.

"Nitaitia ndani ya nini?"

Kibwana akauacha mkono wake hewani.

"Nakuuliza, Bwana Kibwana. Watu hawa wote wana damu. Nitaitia ndani ya nini? Ndani ya kikombe?"

Alisema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mara ya kwanza watu kusikia kwamba anayo sauti ya chini. Kibwana akageuka, akakimbia. Alitaka gari la wagonjwa liende hospitali ya watawa iliyoko ng'ambo ya mto, lakini siku hiyo ilikuwa Ijumaa Bila Moshi, siku ambayo magari ya serikali yote hulala, na funguo zilikuwa kwenye kasha wizarani. Akakodi pikipiki. Akawaomba watawa mifuko, wakampa mitano bila kumuuliza swali. Akaitia kifuani, ndani ya shati, akarudi nayo ameishikilia kwa mikono miwili, dereva akipiga honi njia nzima.

Ubwa alikuwa amekaa kwenye benchi. Alipomwona, akasimama.

"Umeipata, bosi! Mungu akubariki, umeipata!"

Sista Edeltruda akatoka akijifuta mikono. Hakuitazama mifuko. Alimshika Ubwa bega, akamkalisha tena kwenye benchi, na yeye akakaa kando yake.

Ilikuwa saa tisa na robo.

Saa kumi na moja jioni ndugu walikuja kuuchukua mwili. Na utaratibu ni utaratibu: palikuwa na mfuko wa taka za marehemu, pamba zake na glavu zake, na ulitakiwa ukabidhiwe. Hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Ubwa mwenyewe akalichukua daftari, akaandika jina la mkewe, akapima, akajikabidhi, akasaini pande zote mbili. Kibwana alisimama mlangoni akiyaona hayo. Alitamani mtu yeyote amzabe kofi.

*

Jumatatu alikwenda kwa Dokta Mkwizu.

"Dokta, nimekuja kukiri. Nimemuua Somoe."

"Kukiri tena, na wakaguzi wako njiani?" Dokta akainuka kufunga mlango. "Tumekwisha kumwandikia mume barua ya pole. Tumemweleza kwamba mifuko ilicheleweshwa na meli."

"Hakuna meli, Dokta. Sikuagiza. Fomu iko kwenye droo yangu."

"Unaona ulivyochoka? Unakumbuka mpaka vitu vilivyomo kwenye droo."

Kibwana hakuondoka. Alipong'ang'ania sana, akaitiwa Kamati ya Nidhamu. Kamati ikakaa siku mbili, ikala sambusa, ikatafuta fomu ya kumwandikia kosa lake. Ilikuwepo ya kuchelewa kazini. Ilikuwepo ya kupoteza mhuri. Ilikuwepo hata ya kutomwamkia mkubwa wa kazi. Ya kwake haikuwepo. Ndipo Mwenyekiti akasoma uamuzi, akiwa amevaa miwani miwili:

"Kamati imeridhika kwamba mtumishi huyu aliijaza Fomu Namba Tisa kwa usahihi wa asilimia mia moja. Palipofuatwa utaratibu hapawezi kupatikana kosa. Kwa hiyo kifo kinachozungumzwa hakikusababishwa na mtu, kilitokea chenyewe. Hata hivyo, Kamati imegundua kwa masikitiko kwamba Ijumaa hiyo hiyo mtumishi aliondoka kazini bila ruhusa, akapanda pikipiki yenye moshi, na kuingiza hospitalini mifuko mitano ya plastiki isiyoombewa. Kwa hilo anapewa onyo kali."

Kibwana alilipokea onyo kwa mikono miwili. Mwanzoni alikaribia kufurahi, alikuwa na njaa ya kuadhibiwa. Akalisoma njiani, akalirudia, na machozi yakamtoka, kwa sababu katika Ijumaa ile yote walikuwa wamemwadhibu kwa ile nusu saa moja tu ambayo haikuwa na lawama.

Akaenda polisi. Sajini wa zamu alifungua kitabu kikubwa.

"Umeua kwa silaha gani?"

"Kwa kutotia alama ya vema, afande. Kwenye kisanduku."

Sajini akaweka kalamu chini, akamtazama kwa huruma kabisa.

"Mzee wangu, sikiliza. Humo ndani nina watu wawili wa kesi ya kuku. Siku ya tatu leo tunawabembeleza kwa fimbo wakiri, wamekataa. Wewe unakuja mwenyewe, umevaa vizuri, unakiri jambo ambalo halimo kitabuni. Nikuweke wapi? Nenda nyumbani, mwambie shemeji akupikie uji."

*

Wakaguzi wakaja. Waliyapima mapipa, wakayakuta matupu, wakanusa hewa, wakaandika. Waliiona ile mifuko mitano kabatini na mmoja wao akakunja uso, lakini Dokta Mkwizu akawahi kueleza kwamba haikutumika.

"Kama haikutumika, basi si taka," alisema mkaguzi, na uso wake ukakunjuka. Alama zikabaki tisini na saba.

Siku ya Ngao walikuja watu wengi kuliko waliowahi kuja kutibiwa. Mheshimiwa Kapalata alisema Kisutuni imeionyesha dunia hospitali isiyo na taka, na kwamba sasa kilichobaki ni kuwa na hospitali isiyo na wagonjwa, na kwa mwendo huu hatuko mbali. Watu wakapiga makofi. Ubwa hakuwepo, alikuwa kwenye likizo ya msiba.

Kibwana alikuwa na karatasi mfukoni. Aliiandika kwa siku tatu. Ilianza na maneno "Nilikuwa na kalamu mkononi". Aliapa kwamba atakapoitwa kupokea Ngao ataisoma yote mbele ya Waziri, wakitaka wamzimie kipaza sauti, wakitaka wamfunge. Akaitwa. Akapanda jukwaani. Ngao ilikuwa nzito, ya mbao ngumu iliyokatwa kwenye msitu wa hifadhi, na ilimjaa mikono yote miwili, hakubakiwa na mkono wa kutolea karatasi. Angeweza kuiweka chini. Ilikuwepo meza, tena na kitambaa. Hakuiweka.

Mtu wa kipaza sauti akakisogeza mdomoni kwake. Waziri anamtazama, Dokta anamtazama, umati wote kimya.

"Nashukuru," akasema.

Akashuka. Naomba msiniulize alijisikiaje, kwa sababu mnajua.

*

Sasa nyumbani kwa wafiwa yeye alikuwa mtu mwingine kabisa. Siku ya mazishi alichimba kaburi, akalibeba jeneza, akabaki mpaka watu wa mwisho. Ubwa alikuwa amewasimulia ndugu wote jinsi bosi wake alivyokwenda mbio kwa watawa, jinsi alivyorudi na mifuko kifuani, shati limelowa jasho. "Serikalini mna watu," walisema wazee, "ila ni wachache." Barua ya meli ilisomwa mbele ya jamaa, na meli ikalaaniwa sana.

Hitima ya arobaini ikafika, Kibwana akaalikwa. Alikuwa na nia ya kutokwenda. Akaenda. Akawekwa kwenye mkeka wa wageni, akaletewa sinia la pilau peke yake, na minofu yote mizuri imepangwa upande wake. Akala kidogo, akaongezewa.

Watu walipopungua, Bi. Mize, mama yake Somoe, akatoka ndani amembeba mtoto. Mama huyu alikuwa mfupi, mwenye kovu shavuni na mwendo wa polepole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujapata kumwona, siyo? Hebu mpakate wajina wako."

"Wajina wangu?"

"Hukuambiwa? Ubwa alisema hataki jina lingine. Kibwana Ubwa Kheri. Alisema ndiye mtu pekee aliyemkimbilia mke wake." Akamweka mtoto mapajani mwake.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyodhani. Alimtazama Kibwana kwa utulivu, akashika kidole chake, akakivuta kuelekea mdomoni.

"Mama, nina neno."

"Sema, baba."

"Ile meli… ofisi ilichelewa…" Akasita. Akaanza upya. "Mama, hakukuwa na meli. Sista aliniomba mifuko mara mbili. Mara ya pili nilijua kwamba hakuna hata mmoja. Nilikuwa na kalamu mkononi, nikakataa. Nilikataa kwa sababu ya ile ngao. Mimi ndiye niliyekataa, siyo ofisi. Nilikwenda kunywa chai."

Bi. Mize hakupiga kelele. Alinyoosha mikono yake, akamtoa mtoto mapajani mwa Kibwana, akamfunika kichwa kwa kanga.

"Ubwa anajua?"

"Hajui, mama."

"Umemwambia nani?"

"Nimemwambia mganga mfawidhi. Niliiambia kamati. Nimewaambia polisi."

"Wote hao umewaambia," alisema Bi. Mize, "na mwenye mke hujamwambia?"

Kibwana akainua macho kumtazama.

"Mimi siwezi kukusamehe leo, mwanangu. Usinitazame hivyo, siwezi. Mtoto wangu alikuwa anatengeneza vitumbua kwa mikono yake anakuletea." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga. "Yuko uani anafua nepi. Inuka uende ukamwambie mwenyewe. Usinifanye mimi tarishi wako."

Kibwana akainuka. Miguu ilikuwa imemfa ganzi kwa kukaa. Akapita kwenye ukumbi, akapita jikoni walipokuwa wakiosha masufuria, na akina mama wakasogeza vyombo kumpisha. "Pita, baba, pita," walisema, na mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Ndiye yule."

Uani jua lilikuwa kali. Ubwa alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, povu limemfika viwikoni, kamba nzima nyuma yake imejaa nepi nyeupe. Alipomwona alisimama haraka, akajifuta mikono kwenye shati, na uso wake wote ukafunguka. Watu wa nyumba ile walisema hajatabasamu hivyo tangu siku ya msiba.

"Bosi! Karibu, karibu," akasema. "Ushampakata wajina wako?"